Msaada wakuu: tuchangishe vipi fedha za shule bila wazazi kutukimbia?

Chaki Iliyokatika (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu, na tangu mwaka jana nimetwishwa ukatibu wa kamati ya wazazi (sikuuomba, nilichelewa kikao nikakuta nimeshachaguliwa). Tunahitaji darubini 12 za maabara. Tuliyo nayo ni moja, na wanafunzi 48 wanapanga foleni kuchungulia seli za jani. Wa mwisho akifika, kengele imeshalia na kile kipande cha jani kimekauka kwenye kioo.

Mwaka jana tulijaribu kalenda. Tulichapisha 300 zenye picha ya shule, tukawapa watoto wakauze. Zikatoka 110. Zilizobaki zilikaa kwenye maboksi chini ya meza ya mwalimu wa taaluma hadi mwezi wa nne, na sasa watoto wanajaladia madaftari. Ukitoa gharama ya uchapaji tuliingia hasara, na aliyeisoma taarifa hiyo mbele ya wazazi ni mimi.

Sasa hivi mzazi akisikia neno "mchango" anaangalia saa. Mwalimu mkuu anataka tuandike barua nyingine, kila mzazi atoe kiasi fulani. Mimi naona tutavuna matusi. Naombeni mbinu zenye ubunifu kidogo. Nawasilisha.

Mweka Hazina Mstaafu

Pole na kalenda, mwalimu. Nimelala na funguo za sanduku la shule miaka tisa, ugonjwa huo naujua. Mlilipa kwanza mkatafuta wateja baadaye. Kitu chochote cha kuuza, chukueni oda na fedha mkononi, ndipo mwende kwa mchapishaji. Oda zikija 40, chapisheni 40.

La pili, acheni kuhesabu kilichoingia, hesabuni kilichobaki. Sisi kuna mwaka tulitangaza kwa mbwembwe kiasi tulichopata kwenye fulana. Kumbe katika kila 100 iliyoingia, 60 na ushee ilirudi kwa mshonaji. Na hapo hatujagusa jioni za walimu walizopoteza kukunja fulana.

Bwana Filimbi

Nafundisha michezo, kwa hiyo mnajua naelekea wapi. Mbio za mizunguko! Hamnunui kitu, hamuuzi kitu. Mtoto anapewa karatasi, anapita kwa ndugu na majirani wanaomfahamu, kila mmoja anaandika ahadi: nitatoa kiasi hiki kwa kila mzunguko utakaomaliza. Siku ikifika wanakimbia au wanatembea, atakavyoweza mwenyewe.

Kuhesabu mizunguko ndiko kulikotutesa mwaka wa kwanza. Walimu watatu na madaftari, kila mmoja na jibu lake. Mwaka wa pili tukanunua mipira ile midogo ya kufungia noti. Mtoto akipita mstari anavishwa mmoja mkononi, mwisho unahesabu mipira. Kuna binti mmoja mwembamba wa darasa la tano alimaliza na mipira 31, imejaa hadi karibu na kiwiko, akakataa kuivua hata alipokwenda kunawa.

Ila mjomba wake alikuwa ameahidi kwa kila mzunguko, akidhani mtoto atazunguka mara tano. Jumatatu alikuja ofisini kuomba punguzo. Kwa hiyo kwenye karatasi wekeni nafasi mbili: ahadi kwa mzunguko yenye kikomo, au kiasi kimoja tu bila kujali mizunguko. Na kusanyeni ndani ya siku saba. Ahadi ikilala mwezi mzima, haiamki.

Msione mizunguko ni jambo dogo. Yule mzee wa Uingereza, Captain Tom Moore, mwaka 2020 akielekea kutimiza miaka 100, alipanga kuizunguka bustani yake mara 100 na kigari chake cha kujishikilia, akilenga pauni 1,000 za kusaidia hisani za huduma ya afya. Zikaja zaidi ya milioni 30.

Mama Wawili

Bwana Filimbi wazo zuri, lakini mimi nazungumza kama mzazi. Wanangu wana ndugu wachache na wenye uwezo mdogo. Karatasi ya mwanangu ilirudi na ahadi mbili, ya rafiki yake ilijaa mbele na nyuma, na mwalimu akazisoma kwa sauti darasani. Mtoto alirudi nyumbani hana hamu ya kuongea. Tafadhali jumlisheni kwa darasa, si kwa mtoto. Zawadi iwe ya mizunguko, si ya fedha, na anayesukuma kiti cha magurudumu naye avishwe mpira wake kama wengine.

Na watoto msiwatume kubisha hodi kwa watu wasiowajua. Hilo halina mjadala.

Sema Usikike

Samahanini, nitawaudhi. Shule si duka. Darubini ni kazi ya mwenye shule, awe serikali au tajiri. Mkijifunza kujinunulia leo, kesho mtaambiwa mjilipie na mishahara.

Mweka Hazina Mstaafu

Sema Usikike, nusu nakubali. Ndiyo maana sisi tulikuwa na kanuni: fedha za kuchangisha haziendi kwenye mishahara wala paa, zinanunua kitu chenye mwanzo na mwisho. Barua ya kudai haki yenu kwa mwenye shule iandikwe palepale, na nakala ibaki kwenye faili. Lakini mtoto wa mwaka huu hatasubiri faili.

Mwalimu, jambo ambalo sijaona mtu amekugusia ni namna ya kuomba. Umesema "darubini 12". Gawa. Omba darubini ya kwanza. Ikifika, iweke mezani siku ya wazazi, kila mmoja achungulie kwa jicho lake mwenyewe, halafu omba ya pili. Mtu huchoka kutoa kwenye shimo asiloliona chini.

Nitawapa kisa ninachokipenda. Mwaka 1885 Sanamu ya Uhuru ilikuwa imeshatolewa na Wafaransa, lakini kule New York fedha za kujenga kitako chake zikawa zimekwama. Matajiri hawakutikisika. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la World, akaahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji, hata awe ametoa senti. Kwa takribani miezi mitano zikapatikana zaidi ya dola 100,000, kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakitoa chini ya dola moja. Nanyi mna ukuta wa maabara. Andikeni majina bila viwango. Aliyetoa kidogo na aliyetoa kikubwa wakae mstari mmoja.

Kalamu Butu

Naongezea wanafunzi wa zamani. Barua ya "ndugu mhitimu" hakuna anayeijibu. Sisi tuliwagawa kwa mwaka wa kumaliza, kila mwaka ukawa na kikundi chake kwenye simu na nahodha wake, kisha tukabandika matokeo kila Ijumaa kama msimamo wa ligi. Kumbe watu wazima wenye vitambi bado wana visasi vya mechi za shule! Kundi lililokuwa mkiani liliongeza mara mbili usiku mmoja kwa sababu wapinzani wao waliwatumia picha ya kobe.

Mnada wa huduma pia si mbaya: mzazi fundi anatoa saa yake, mwingine anafundisha gitaa, mwalimu mkuu anakalisha mwanafunzi kwenye kiti chake siku moja. Bahati nasibu ulizieni sheria kwanza, nchi nyingi zinataka kibali.

Mama Wawili

Mnada wa michoro ya mtoto mmoja mmoja msifanye. Upo utakaokosa mnunuzi, na mwenyewe amesimama pale pembeni.

Mweka Hazina Mstaafu

Nilisahau. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili kabla hazijatoka chumbani, wote wasaini. Akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja awe mzazi asiyefanya kazi shuleni. Na hesabu ibandikwe ubaoni ndani ya wiki, pamoja na ile ya kalenda. Ndiyo, hata ile. Mkiificha, kila mzazi ataijaza kichwani kwa namna yake.

Chaki Iliyokatika

Wakuu, nashukuruni sana. Leo nimeingia kwa mwalimu mkuu na uzi huu nimeuchapa karatasi tatu. Barua imekufa. Tunaanza na mizunguko, ahadi zenye kikomo, jumla kwa darasa, na lengo ni darubini moja tu. Kalenda iliyosalia moja nimeibandika kwenye mbao za matangazo, na chini yake hesabu kamili ya hasara. Mzazi mmoja amesimama akaisoma hadi mwisho, akacheka, akaniuliza mbio ni lini.

Mwalimu wa michezo ameshapima uwanja kwa miguu yake: hatua 410 mzunguko mmoja. Tatizo limebaki moja, Bwana Filimbi nisaidie. Mwalimu mkuu naye anataka kukimbia, na darasa la saba limeshamwahidi kwa mzunguko, bila kikomo.