Rubani wa kuzima moto wa msitu: tuangalie masaa aliyoruka au misimu ya moto?

AngaZito: Wakuu naomba tulinganishe hili. Kuna wanaotaka kigezo cha kwanza cha kumchagua rubani kiwe masaa, mfano Marekani mikataba ya serikali ya helikopta inadai masaa 1,500 ukiwa rubani mkuu. Wengine wanasema hesabu misimu aliyofanya kazi kwenye moto. Mi nipo na hawa wa pili. Mtu anaweza kuwa na masaa kibao ya ndege ya abiria, hewa imetulia, lami ndefu, sasa mshushe bondeni, moshi mbele, yuko futi 150 tu juu ya miti, anafungua milango ya tanki, tani za dawa ya kuzuia moto zinatoka kwa mpigo na ndege inataka kuinua pua yenyewe. Hilo kwenye ndege ya abiria utalijulia wapi?

KitiChaKulia: Sawa ila masaa usiyatupe mkuu. Ndege ya kuzima moto Canadair CL-415 inachota kama lita 6,000 kwa sekunde 12 hivi huku inakimbia juu ya maji, pale mkono lazima uwe umeizoea ndege, hakuna muda wa kutafuta swichi. Vyote viwepo, halafu akae kwanza na nahodha mzoefu. Na wale Wamarekani wana kitu kizuri, nahodha wa tanka (ndege inayobeba maji au dawa) ambaye hajafuzu kufika kwenye moto peke yake hamwagi mpaka kuwe na ndege kiongozi, ile inayotangulia kumwonyesha njia.

FundiBawa: Na ndege yenyewe je? Juni 2002 California mabawa ya tanka aina ya C-130A yalikatika angani, mwezi uliofuata Colorado bawa la tanka nyingine kuukuu likang'oka. Watu watano wamekufa, na hapo hata ungekuwa na uzoefu wa aina gani usingekusaidia.

DadaRada: Jamani mnabishana masaa na misimu, someni ajali ya karibu na Cooma, Australia, Januari 2020. C-130 ilianguka wakafa wote watatu. Kabla ya hapo ndege ndogo ya uangalizi ilikuwa imeshakataa kwenda Adaminaby, moto ambao C-130 ilitumwa kwanza kabla ya kuelekezwa kwa ule ilikoanguka, sababu ya upepo, na tanka aina ya 737 iliyotangulia Adaminaby ilimwaga mzigo ikasema hairudi tena. Wachunguzi wakakuta idara ya zimamoto haikuwa na utaratibu wa kuwaambia marubani wengine kwamba mwenzao amekataa!! Hii inaniuma kwa kweli, taarifa ilikuwepo.

AngaZito: Aisee. Kwa hiyo wewe ungeanza na lipi?

DadaRada: Mmoja akikataa, wote waambiwe redioni pamoja na sababu, kabla hujauliza nani ana masaa mangapi. Na ndege kiongozi sio kinga kamili, South Dakota Julai 2012 kiongozi mwenyewe alisukumwa chini na upepo wa dhoruba akaponea chupuchupu, C-130 iliyokuwa nyuma yake ikaanguka, wakafa wanne kati ya sita.

KitiChaKulia: Nakubali. Ila rubani mgeni kukataa ni kazi kweli, watu wanaungua huko chini na wote wanakusikia redioni, ndio maana nang'ang'ania akae na mzee ambaye ameshawahi kugeuza ndege ikiwa na mzigo wake wote, akamwona anavyofanya.

FundiBawa: Angalieni na malipo. Mkataba ukilipa saa za kuruka tu, kila anayekataa anakula hasara. Ukilipa na siku ya kukaa tayari, hela ya siku ipo hata asiporuka.

DadaRada: Hapo umegusa penyewe. Mwenye mfano wa mkataba wa hivyo aweke hapa tuusome.