Tupeane uzoefu: Siku tatu Bangkok bila kumalizia likizo kwenye foleni

Mleta mada
Wadau, uzi huu ni wa wanaokwenda Bangkok siku chache, iwe kutembea au kufuata mzigo Pratunam, mtaa wa masoko ya nguo. Tuwekeane vituo, bei na mitego yake. Naanza na uwanja wa ndege, ndiko watu wetu wanakokwama.

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa awe na kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano), na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya safari. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa Bangkok, tafuta kwanza dawati lenye kibao cha Health Control (ukaguzi wa afya) wakague kadi. Wengi hufuata umati moja kwa moja uhamiaji, wakifika dirishani wanarudishwa na foleni inaanza upya.

Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuwasili ya mtandaoni, inayojazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokudai pesa si ya serikali.

Mdau wa 2
Kwenda mjini panda treni, iko ghorofa ya chini kabisa. Hadi kituo cha Phaya Thai ni kama nusu saa, baht 45 (pesa ya Thailand), na hapo unaunganisha na treni ya juu ya BTS. Vibanda vya kubadilishia fedha vilivyo karibu na treni hutoa bei nzuri kuliko vya kule juu. Beba noti safi za dola 100, ndogo zinapewa bei ya chini. Kwenye ATM kadi ya nje inakatwa kama baht 220 kila ukitoa, kwa hiyo toa mara moja.

Teksi inafaa mkiwa watatu na mabegi. Mita inaanza baht 35, unaongeza 50 za uwanja, na ushuru wa barabara ya juu ni wako pia. Sisitiza mita.

Mdau wa 3
Mkuu, usisahau boti za mfereji wa Saen Saep. Saa za jioni barabara za Pratunam hazisogei, lakini boti inapita. Ukipandia gati ya Pratunam kuelekea gati ya Panfa, unatokea upande wa mji mkongwe kwa baht chache tu.

Boti inasimama sekunde kadhaa, haizimi injini. Shika kamba, kanyaga ukingo, ingia haraka. Kondakta anatembea nje ya boti juu ya ukingo huohuo akikusanya nauli, kwa hiyo shika sarafu mkononi. Aliyekaa pembeni ndiye mwenye kazi: kuna turubai la plastiki lenye kamba, unalivuta juu mnapopishana na boti nyingine, unalishusha gatini watu wapande. Ukichelewa, maji yanaruka hadi usoni, na maji yale ni machafu kweli. Funga mdomo.

Mdau wa 4
Kasri la Mfalme: baht 500, tiketi ni kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Mabega na magoti yafunikwe. Mtu akikwambia njiani "leo limefungwa" akakutafutia bajaji ya bei chee, anakupeleka maduka ya vito. Nenda mpaka getini ujionee mwenyewe. Ukitoka, hekalu la Wat Pho lenye sanamu ya Buddha aliyelala, mita 46, liko jirani, na kutoka gati ya Tha Tien kivuko kinakuvusha mto hadi hekalu la Wat Arun.

Mdau wa 5
Kwa wa mzigo: Platinum, jengo la maduka ya nguo pale Pratunam, maduka mengi yanaanza bei ya jumla kwenye pisi 3. Uliza kama unaruhusiwa kuchanganya rangi na saizi. Vibanda vingi haviruhusu kujaribu nguo, na "saizi moja" ya pale ni nyembamba mno kwa nyonga za wateja wetu. Nenda na futi ya fundi cherehani, pima kiuno na nyonga kabla hujalipa.

Chakula halali kipo jirani: Phetchaburi Soi 7 (soi ni kichochoro), kwenye msikiti wa Darul Aman, unashukia BTS Ratchathewi. Kwingineko kariri neno "mu", ndiyo nguruwe, na uulize hata mchuzi na mafuta ya kukaangia, maana wali wa mboga tupu unaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.