Mjadala: Bodi za pro zinazofanana, tunabishania ukali au otofokasi?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Hili swali linarudi kila bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) ikitoka na kila mara linaishia kwenye ushabiki wa kampuni. Mtu anachukua picha mbili, moja ya Canon R5 nyingine ya Nikon Z8, anavuta mpaka jicho la mtu linajaa skrini, hiyo ya kwanza iko shapu hiyo ya pili laini kidogo, basi katangaza mshindi. Mi naona hapo kachanganya mitihani miwili kwenye karatasi moja, wa sensa (kile kinachonasa picha) na wa otofokasi (kamera kujitafutia fokasi yenyewe), na hakuna hata mmoja aliousahihisha.

Angalieni namba zenyewe. R5 ya 2020 ina megapikseli 45, Z8 ya 2023 ina 45.7, Sony A1 ya 2021 ina 50. Toka 45 mpaka 50 ukihesabu kwa upana wa picha nyongeza ni kama asilimia 5 tu, maana megapikseli zinagawana pande mbili, upana na urefu. Hiyo asilimia 5 nani anaiona kwa macho? Ukikuta tofauti kubwa ujue ni lenzi, au spidi ya shata ilikuwa ndogo mno, au fokasi imekaa kwenye nyusi badala ya mboni, au JPEG (picha iliyoshachakatwa na kamera) ya kamera moja inanolewa zaidi na setingi za kiwandani. Msimamo wangu ni kwamba bodi za daraja moja tuache kuzipima ukali, tuzipime kwenye brasti (picha nyingi za mfululizo), fremu ngapi zimetoka na fokasi pale ulipotaka. Anayepinga aje.

Mchangiaji 1:
Napinga. Umechagua mfano unaokubeba. Chukua Nikon D800 na D800E za 2012, zote megapikseli 36.3, otofokasi ileile ya pointi 51, kila kitu pacha isipokuwa ile filta mbele ya sensa inayolainisha picha kidogo ili vitambaa vya mistari myembamba visitoe yale mawimbi ya rangi za ajabu, kwenye E nguvu yake imefutwa. Na tofauti inaonekana. 2015 Canon nao wakaja na 5DS na 5DS R, megapikseli 50.6, mchezo uleule. Sisi tunaopiga mandhari na bidhaa kamera iko kwenye tripodi, fokasi tunazungusha kwa mkono, hiyo otofokasi unayotaka tubishanie wengine hatuigusi wiki nzima. Usiamue mtihani wa watu wote kwa kazi yako wewe.

Mleta mada:
Mkuu mfano wako mzuri ila malizia hadithi. Hiyo tofauti inaonekana LINI? Lenzi kali, tundu la lenzi liko f/4 au f/5.6 (namba ikipanda tundu linapungua), tripodi imetulia kweli. Sasa nyie wa mandhari si ndio mnafunga mpaka f/11, f/16 ili mbele na nyuma vyote visomeke? Ukifika f/16 tundu limekuwa dogo, mwanga unatawanyika, na kwa pikseli ndogo za hizo sensa ule utawanyikaji unakula sehemu kubwa ya faida uliyopata kwa kufuta filta. Nakubali kwa anayepiga bidhaa kwa f/5.6. Na wenyewe Nikon kwenye D810 ya 2014 waliondoa filta kabisa, hakuna tena ya E na isiyo ya E, kwa hiyo huo ubishi kwa kampuni hiyo uliishia hapo.

Mchangiaji 2:
Napiga ndege na michezo, naunga mkono mleta mada. Sony A7R IV ya 2019 na A7R V ya 2022, zote megapikseli 61, ziweke kwenye tripodi upige ukuta wa matofali, sijui utazitofautisha kwa lipi. Ila V waliipa prosesa ya pembeni kwa ajili ya kutambua watu, ndege, wanyama na magari, na ndege akiruka kuja kwako ndio unaelewa kwa nini watu walibadilisha. Mtu atakwambia V iko shapu zaidi. Sensa haijawa shapu zaidi, fokasi ndio imefika kwa wakati.

Na hata wa potreti msijitoe humu, piga hesabu ya lenzi ya 85mm kwenye f/1.4, mtu yuko mita 2, eneo lililo ndani ya fokasi ni kama sentimita 4 au 5 hivi kwa kipimo cha kawaida, na ukivuta mpaka pikseli ni chini ya hapo. Mtu anayetembea tu, hakimbii, anazimaliza hizo sentimita kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Sasa niambie megapikseli 5 za nyongeza zitakusaidia nini hapo kama kamera imechelewa.

Mchangiaji 3:
Wote mnaongea kama vile otofokasi inapimika kirahisi. Ukali nautengenezea testi leo, bango moja, taa moja, lenzi moja, raw (faili ghafi, kamera haijalinoa), namaliza. Otofokasi ntaipimaje? Ukibadilisha setingi ya kufuata kitu tu unapata kamera nyingine. Lenzi nayo, motor yake ikiwa nzito utalaumu bodi. A1 ina fremu 30 kwa sekunde lakini ukiweka lenzi ya kampuni nyingine inashuka mpaka 15, na kuna watu wanalinganisha hivyohivyo wala hawasemi. Halafu famwea, ile programu inayoendesha kamera. Z8 ilipotoka 2023 haikuwa na modi ya ndege peke yake, ikaja na famwea 2.00 Februari 2024, kwa hiyo testi ya ndege ya mwaka wa kwanza ni ya kamera ambayo kama haipo tena.

Na wale wa zamani wanaikumbuka Canon 1D Mark III ya 2007. Sensa safi tu, megapikseli 10, fremu 10 kwa sekunde, lakini otofokasi ikalalamikiwa kwenye kufuata wanaokimbia mpaka Canon wenyewe wakatangaza kurekebisha kile kioo kidogo kilicho nyuma ya kioo kikuu. Na haikuwa kila bodi! Sasa mwenye nzima anabishana na mwenye mbovu, wote wanasema ukweli.

Mchangiaji 4:
Samahanini wakuu, nina bodi ya megapikseli 24, nikihamia ya 61 picha zangu zitakuwa shapu?

Mchangiaji 2:
Undani utaongezeka, kwa upana kama asilimia 60 hivi, lakini na mtikisiko utauona zaidi. Shata uliyozoea ipandishe. Na ukilinganisha punguza ya 61 iwe saizi ya 24 kwanza, usizilinganishe zote ukiwa umezivuta kwa asilimia 100 halafu useme mpya ni laini.

Mchangiaji 1:
Kumbe megapikseli zina maana leo 😂

Mleta mada:
Toka 24 hadi 61 zina maana, nani alikataa? Mimi nimesema bodi za daraja moja. Nirudi kwa mchangiaji 3, ugumu wa kupima otofokasi naukubali ila usiwe sababu ya kupima kile kilicho rahisi. Mtu mmoja akimbie njia ileile, lenzi ya kampuni yenyewe, apecha (tundu la lenzi) moja, shata 1/2000, famwea zitajwe, brasti kadhaa kila bodi, na fremu ZOTE ziwekwe hadharani.

Mchangiaji 3:
Na setingi za kila bodi achague nani, wewe au mwenye bodi?

Mleta mada:
Mwenye bodi. Kila mtu aje na zake alizozizoea.

Mchangiaji 3:
Basi hapo unampima mpiga picha mkuu, sio kamera.