Kano ya msuli wa mkono imebanduka kiwikoni: nikubali upasuaji au niache?

Seremala wa Mwanga (Kigoma):
Ndugu zangu, ninaomba ushauri, hasa kwa aliyewahi kupitia jambo hili. Nina umri wa miaka 43 na mkono wangu wa kazi ni wa kulia. Siku 9 zilizopita tulikuwa tukishusha mbao za mninga kutoka kwenye lori, mwenzangu akateleza, uzito wote ukanielemea nikiwa nimekunja kiwiko, nikasikia kitu kikialika ndani ya mkono kama kamba iliyokatika. Kesho yake damu ilikuwa imevilia kuanzia kiwikoni hadi karibu na kiganja, na msuli umepanda juu ukajikusanya kama donge.

Zahanati niliyoanzia walinipa dawa za maumivu tu, nikapoteza siku 5. Daktari wa pili alipitisha kidole mbele ya kiwiko changu akiitafuta kano, hakuikuta, na altrasaundi ikathibitisha kuwa imebanduka kabisa kwenye mfupa. Amenipa rufaa ya Bugando, Mwanza. Kinachonisitisha ni kwamba maumivu yamepungua sana: kikombe ninainua, ingawa skrubu ya bawaba haifiki nusu kabla mkono haujaishiwa nguvu. Wazee nyumbani wanasema nikachuliwe Ujiji.

Mama Mazoezi:
Pole sana, kaka. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Maumivu kupungua hakumaanishi kwamba kano imejishika, kwa sababu iliyobanduka kabisa hairudi mfupani yenyewe. Ingekuwa imekatika begani ningekutuliza, maana huko msuli huu una kano mbili, na ile ndefu ikikatika nyingine hubaki na kazi, hivyo wengi huendelea vizuri bila kupasuliwa. Kiwikoni hakuna ya akiba. Kikombe unakiinua kwa msaada wa msuli mwingine ulio chini yake. Lakini kugeuza kiganja kitazame juu kunautegemea zaidi huu uliobanduka, na asiyepasuliwa anaweza kupoteza takriban asilimia 40 ya nguvu hiyo. Kukaza skrubu kwa mkono wa kulia ndiko kugeuza huko huko.

Upasuaji huwa rahisi zaidi ndani ya wiki 2 hadi 3 za mwanzo. Baada ya hapo kano hujikunja na kunasa kwenye makovu, na huenda ikalazimu kuunganishia kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Kuchua hakutaivuta irudi, na kutakula siku zako.

Mkulima wa Urambo:
Mimi yalinipata nikipakia marobota ya tumbaku, nikakataa kupasuliwa, na huu ni mwaka wa 4. Sijutii, kwa kuwa nina miaka 61, mkono ni wa kushoto, na kazi za kubeba nilikwisha kuwaachia vijana. Nikikamua nguo mkono huchoka mapema na msuli hukaza, basi. Lakini mdogo wangu, ningekuwa seremala wa umri wako, nisingechagua hivi.

Baba Zuhura:
Nilipasuliwa, na ninakusihi ujiandae kwa yanayofuata. Ngozi ya upande wa nje wa mkono wangu ilikufa ganzi kwa miezi kadhaa, jambo linalotokea mara nyingi mshipa wa fahamu ukivutwa wakati wa upasuaji. Muulize daktari pia kuhusu ule unaonyoosha vidole, kwa sababu ukiumia huo ni tatizo kubwa zaidi. Kwa wiki 6 za kwanza nilikatazwa kunyanyua kitu chochote kizito, na kazi ngumu nilirudia mwezi wa 5. Kama unavuta sigara, acha leo, kwa kuwa hukawiza kupona. Nauli na gharama za hospitali utazipigia hesabu, lakini miezi hiyo bila kipato ndiyo iliyotaka kunirudisha kazini kabla ya wakati.

Seremala wa Mwanga:
Nimewasoma wote, na ninawashukuru kwa dhati. Sikuwa nimeelewa kwamba siku zinahesabiwa. Milango 3 niliyokwisha kupokelea malipo ya awali ataimalizia kijana ninayemfundisha, nami nimezungumza na wenye kazi wamekubali. Ninasafiri kesho alfajiri, nikifika Mwanza itakuwa siku ya 10. Mzee wangu wa Urambo, shikamoo. Neno lako ndilo nililomsomea mama, akanyamaza, kisha akaanza kunikunjia nguo.