Usimamizi wenye uwajibikaji mahali penye vita: tunaufundishaje?

Mhadhiri, Bukavu
Ndugu walimu wenzangu, nafundisha usimamizi wenye uwajibikaji katika chuo cha biashara. Mtaala wetu unaanza na kanuni 10 za Global Compact ya Umoja wa Mataifa (mpango wa hiari wa kampuni kuhusu haki za binadamu, kazi, mazingira na rushwa), nao unachukulia kwamba serikali ni moja na benki ziko wazi. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma, huku mashariki mwa Kongo, Januari 2025, na hapa kwetu mwezi uliofuata, mambo hayo hayana uhakika. Mwanafunzi mmoja, mtunza hesabu wa kampuni ya usafirishaji, alileta darasani stakabadhi ambayo dereva wao alipewa alipolipa kwenye kizuizi cha barabarani, akauliza aiandike kama kodi, kama hasara, au asiiandike kabisa. Je, ninyi mngemjibuje?

Mwalimu wa uhasibu, Lubumbashi
Mwalimu, stakabadhi hiyo ndiyo somo lenyewe. Aiandike ilivyo, kwa tarehe, kiasi na mahali, kwa sababu malipo yakifichwa mkurugenzi huamua gizani. Kisha wasome mwongozo wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) kuhusu madini ya maeneo ya migogoro: panapokuwa na hatari ya kweli kwamba msambazaji analinufaisha kundi lenye silaha, hata kwa ushuru haramu wa njiani, mnunuzi anatakiwa kusimamisha biashara naye mara moja, ilhali baadhi ya hatari nyingine anaruhusiwa kuzipunguza huku akiendelea kununua. Tofauti hiyo inastahili mjadala wa kipindi kizima.

Mfanyabiashara, Goma
Ndugu, nakubaliana nawe kuhusu daftari, lakini karatasi hiyo ikikutwa kwenye kizuizi cha upande wa pili, anayeulizwa ni dereva, wala si mkurugenzi. Wafundisheni pia kupima nani anabeba hatari ya uamuzi. Na kusitisha biashara nako kuna waathirika: Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wa madini katika mikoa ya Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, wachimbaji wadogo walikosa riziki, na watu wenye silaha hawakutoweka.

Mhadhiri, Bukavu
Asanteni sana. Wiki ijayo nitaligawa darasa kwa nafasi za dereva, mtunza hesabu, mkurugenzi na mnunuzi wa ng'ambo, na kila kundi litaandika uamuzi wake na sababu zake kuhusu malipo hayohayo. Jina la kampuni nitaliondoa kwanza, kwa usalama wa mwanafunzi.