Rikoli ya mfuko wa hewa: muuzaji ananikana, dila ananikana. Nidai wapi?

chesisi_namba
Wakuu, naomba ushauri. Gari ni la Kijapani la mwaka 2006, liliingia Dar likiwa la mkononi. Tovuti ya mtengenezaji kule Japani inaonyesha kwa namba ya chesisi kwamba gari liliitwa kurudishwa (ndiyo rikoli) kwa ajili ya mfuko wa hewa wa abiria, na kazi haijafanyika. Muuzaji anasema kazi yake iliishia kwenye kuagiza. Dila, yaani wakala rasmi wa mtengenezaji hapa nchini, anasema hilo si gari lake, hakuliuza yeye. Fundi wa mtaani anataka aung'oe mfuko, aweke rezista, taa ya onyo izime. Hatari ni ya kiasi gani? Na nimbane nani?

FundiUmeme
Kwa mwaka huo, uwezekano mkubwa ni inflata ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mifuko ya hewa. Inflata ni ile chupa ya chuma inayoujaza mfuko gesi. Takata walitumia vidonge vya amoniamu nitreti, na nyingi walizitoa bila kitu cha kufyonza unyevu ndani. Joto likipanda mchana na kushuka usiku, miaka kwa miaka, huku unyevu ukipenya, vidonge vinabadilika na kuwa na vitundu vidogo vidogo. Siku ajali ikiviwasha vinaungua haraka kupita kiasi, presha inaishinda chupa, na vipande vya chuma vinaruka usoni na shingoni mwa aliyekaa mbele. Ajali ndogo ambayo mtu angetoka na mchubuko inaweza kumuua.

Marekani walipopanga maeneo kwa hatari, yaliyotangulia ni ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Sasa piga picha ya gari linaloanikwa juani Dar, Tanga au Mombasa.

Jambo ambalo wengi hawalijui: taa ya SRS (mfumo wa mifuko ya hewa) haikuonyi kwa hili. Kompyuta inapima ukinzani wa waya tu, hali ya vidonge haiioni. Taa kuzimika vizuri si ushahidi wa usalama. Abiria wako wakae nyuma kuanzia leo.

mzee_wa_waya
Huyo fundi mkatalie. Rezista ya kama oumu 2 inaidanganya kompyuta kwamba mfuko upo, na atakayelinunua gari baada yako atadanganyika vilevile. Ukiung'oa bila rezista, taa inawaka, na kwenye magari mengi taa ikiwaka mfumo mzima unaweza kugoma, hata mfuko wa dereva. Kwa hiyo kiti cha mbele kikae kitupu, mfuko ubaki ulipo hadi ipatikane inflata mpya.

Ikibidi kuutoa, awe fundi anayeijua SRS. Anazima gari, anachomoa waya hasi wa betri, anasubiri dakika 3 (baadhi ya vitabu vinasema sekunde 90, lakini haraka ya nini), ndipo anagusa plagi za manjano. Mita ya umeme isiguse inflata kabisa, mkondo wake mdogo unaweza kuifyatua. Mfuko unawekwa chini uso ukitazama juu.

Na msikimbilie kwa wauza spea wa Gerezani (Dar) au Grogan (Nairobi) kununua mfuko wa mkononi. Umetoka kwenye gari la umri uleule, huenda na inflata ileile.

Kisauni_Spea
Dila hana hoja kamili. Rikoli inalifuata gari, haimfuati mwenye gari. Watu wanaichanganya na waranti, ambayo ina mwisho. New Zealand walilikata hili mwaka 2018: serikali iliamuru inflata za Takata za hatari zaidi zibadilishwe kwa lazima, yakiwemo magari ya mkononi kutoka Japani, na walioyaingiza wakahusishwa. Kwetu amri ya namna hiyo haipo, basi silaha yako ni karatasi.

Mwandikie dila, nakala kwa kitengo cha wateja cha mtengenezaji Japani. Weka namba nzima ya chesisi, picha ya kibati cha kwenye boneti, ukurasa wa rikoli uliouchapisha wenye namba ya rikoli, na kilomita. Omba vitu viwili: wabadilishe bure, au wakatae kwa maandishi na kukupa namba ya spea, bei yake na bei ya kazi. Maneno ya mdomo hayakusaidii. Barua ya kukataa ndiyo utakayoipeleka FCC (Tume ya Ushindani) huko Tanzania. Huku Kenya tunapeleka Mamlaka ya Ushindani. Muuzaji naye mtaje humo humo, asijione yuko pembeni.

bandari_kavu
Nyongeza kwa wanaotaka kuagiza. Tovuti za Marekani zinataka VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya herufi na tarakimu 17; chesisi ya Kijapani ni fupi, ina kistari katikati, itakataliwa. Haimaanishi gari ni safi. Tumia ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji na utafsiri kwa simu.

Tangu Mei 2018 Japani haiyapitishi kwenye ukaguzi magari yenye inflata za Takata za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Lakini gari linalofutwa usajili ili lipelekwe nje halihitaji ukaguzi huo. Basi mnaelewa gari hilo linakuja wapi.

Hata ukiambiwa "imeshafanyika", uliza lini. Rikoli za mwanzo baadhi ziliweka inflata mpya ya Takata ya aina ileile, ikalazimu kuibadilisha mara ya pili.

chesisi_namba
Asanteni. Barua naiandaa. Wakikubali, ile ya zamani niichukue?

mzee_wa_waya
Hapana, abaki nayo dila aiteketeze kwa utaratibu. Ikifika kwa wanunuzi wa chuma chakavu, moto wa kuyeyushia utailipua mikononi mwa mtu. Wewe dai karatasi ya kazi yenye namba ya inflata mpya, uibandike pamoja na kadi ya gari.