Ofa ya kazi Dubai: nijadili nini kabla ya kusaini?

Fundi wa Tanga: Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mhandisi wa mitambo hapa Tanga, nina mke na watoto wawili. Kampuni moja ya viyoyozi ya Dubai imenitumia ofa ya dirhamu 9,000 kwa mwezi: mshahara wa msingi 3,500, posho ya nyumba 3,500, usafiri 1,000 na posho nyinginezo 1,000. Kwa kipato changu cha sasa fedha hizo ni nyingi, na ndiyo maana nasita kujadili, nikihofia nafasi isije ikapewa mwingine. Naombeni ushauri wa walioko huko: nidai nini hasa, na kwa namna gani?

Mkazi wa Sharjah: Hongera sana, kaka. Ushauri wangu ni kwamba nguvu zako zote uzielekeze kwenye mshahara wa msingi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu iliyoanza kutumika Februari 2022 inakokotoa kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, mradi uwe umetimiza angalau mwaka mmoja kazini. Kwa msingi wa 3,500 unajiwekea dirhamu 2,450 kwa mwaka. Jumla ikibaki 9,000 ileile lakini msingi ukawa 5,400, unajiwekea 3,780. Sisi wageni hatumo katika pensheni ya serikali ya huku, hivyo tofauti hiyo ni akiba ya uzeeni, na inaniuma kuona vijana wetu wakisaini bila kuitazama. Kwa kuwa malipo ya kila mwezi hayapandi, hata mwajiri mgumu huweza kulikubali ombi hili.

Mama Wawili: Nakubaliana na kaka wa Sharjah, lakini mwenye familia aanzie kwenye nyumba. Kodi ya Dubai hupangwa kwa mwaka na kulipwa kwa hundi chache zilizoandikwa tarehe za mbele, na juu yake kuna dhamana, mara nyingi asilimia 5 ya kodi ya mwaka, pamoja na ujira wa dalali ambao nao huwa karibu asilimia 5. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana hana fedha hizo, wala hana kitabu cha hundi. Omba upewe malazi ya mwezi wa kwanza, na posho ya nyumba ya miezi kadhaa ilipwe kwa mkupuo. Mshahara wako unatosha kumdhamini mke na watoto wapate viza ya ukaazi, kwani kiwango cha chini ni dirhamu 4,000 kwa mwezi, ila bima yao ya afya na ada ya shule vitakuwa juu yako iwapo mkataba haukutaja vinginevyo. Shule ndiyo inayomaliza watu, kaka yangu; uliza ada kabla hujajibu.

Mkazi wa Sharjah: Niongeze kwamba gharama za viza na za kuajiriwa ni za mwajiri kisheria, kwa hiyo yeyote atakayekutaka uzilipe, hata kwa kukatwa mshahara, mkatalie. Tiketi ya likizo ya kila mwaka ni suala la makubaliano. Iombe, na itajwe pia kama inahusu familia.

Fundi wa Tanga: Nawashukuru sana. Nitaomba msingi wa 5,400, malazi ya mwezi wa kwanza na tiketi za familia. Je, niwapigie simu au niandike?

Mama Wawili: Andika barua pepe moja, fupi, yenye maombi yote matatu, ukianza kwa kueleza kwamba kazi unaitaka. Wakikubali kwa simu, waombe wakutumie ofa iliyorekebishwa, kisha hakikisha takwimu hizo ndizo zilizomo katika ofa rasmi inayopitia wizara ya kazi ya huko. Barua ya kuacha kazi Tanga usiipeleke kabla ya hapo.